Mwalimu, kabla ya kuwaambia watu watembee, tafuteni kwanza pa kuvukia

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ilomba, Mbeya. Wanafunzi wetu wengi wanavuka barabara kuu asubuhi na mchana. Kamati ya shule ilitaka tuanzishe kampeni ya kuhamasisha wazazi na watoto watembee kwa miguu, kwa ajili ya afya na kupunguza nauli, ila kwenye kikao wazazi wakatuuliza nani atembee kwenye barabara hii? Nikakosa jibu. Tuanzie wapi, tuombe nini, na tumfuate nani?

Jibu: Marahaba mwalimu, na pole na majukumu. Hicho kikao chenu kimesema kitu ambacho sisi tunaoshughulika na barabara huwa tunachelewa sana kukisema, kwa hiyo usijisikie vibaya kwamba ulikosa jibu. Wazazi wamewajibu sawasawa. Mimi hiyo kampeni ya kuhamasisha nisingeanza nayo kabisa.

Hebu simama hapo Ilomba saa 12 na nusu asubuhi uangalie nani yuko barabarani. Wanafunzi na sweta zao, mafundi wanashuka kwenda gereji, kina mama na beseni za ndizi na viazi wanaelekea sokoni Mwanjelwa, walinzi wanatoka lindo, na hata huyo aliyepanda daladala alitembea kutoka nyumbani mpaka kituoni na akishuka atatembea tena. Watu wa Mbeya wanatembea, na wanatembea sana, kwenye vumbi la mwezi wa tisa na kwenye tope la mwezi wa pili, na baridi ya mwezi wa sita wanaijua wenyewe. Kwa hiyo kuhamasishwa walishahamasika zamani. Shida ni kwamba mji unawaadhibu kwa kutembea, ndio maana mtu akipata hela kidogo tu cha kwanza anaacha kutembea, anakopa pikipiki au anachukua bajaji kwa umbali ambao hata stori mliyoianza hamuwezi kuimaliza njiani. Ukiona hivyo usimlaumu kwamba mvivu, angalia kwanza njia aliyokuwa anapita.

Sasa kwa nini Mbeya imekuwa hivi. Barabara ya Tanzania kwenda Zambia, TANZAM, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70, na mji umekua ukiifuata kama mboga inavyofuata mfereji, Uyole, Ilomba, Kabwe, Mwanjelwa, Mafiati mpaka Iyunga huko, soko huku nyumba kule, shule huku wanafunzi kule. Sensa ya 2012 jiji lilikuwa na watu 385,279, ya 2022 wakawa 541,603, yaani zaidi ya laki moja na nusu wameongezeka ndani ya miaka 10, na wengi wao maisha yao yote yako pande mbili za barabara ileile yanakopita malori ya Tunduma. Linganisha na Iringa. Iringa barabara kuu inapita chini pale Ipogolo, mji wenyewe uko juu mlimani, lori la Zambia halina haja ya kupanda mpaka Miomboni katikati ya mji. Ndio maana ukitembea Uhindini ya Iringa mpaka sokoni unasikia raha, unamsalimia mtu wa upande wa pili wa barabara na anaitikia. Iringa hawakuwa na akili kuliko sisi, barabara tu ilipita pengine. Sisi kuna mpango wa barabara ya mchepuko kutoka Uyole mpaka Songwe, karibu kilomita 49, ili malori yasipite katikati ya mji, na hiyo ikikamilika itatusaidia sana, ila mtoto wa darasa la pili anavuka kesho asubuhi, hawezi kuusubiri mchepuko.

Na kuna huu upanuzi wa barabara kuu yenyewe kuwa njia nne, Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29. Foleni ya Mbeya kila mtu anaijua na upanuzi ulikuwa lazima. Lakini hapa ndipo nataka mwalimu unielewe vizuri kwa sababu hiki ndicho kitu cha kwanza cha kuomba, na hesabu yake unaweza kuifundisha hata darasani.

Njia moja ya gari ina upana kama mita 3.5. Njia nne ni mita 14, hapo sijaweka ukuta wa katikati wala mabega ya barabara. Mtu mzima mwenye afya anatembea kama mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo kuvuka mita 14 anahitaji sekunde karibu 12. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo sheria yetu kwenye maeneo ya makazi, linamaliza karibu mita 14 kila sekunde. Zidisha hapo. Ili uvuke salama gari linatakiwa liwe zaidi ya mita 160 kutoka ulipo. Likiwa linakwenda 80, na wote tunajua yapo, linatakiwa liwe karibu mita 260, yaani viwanja viwili na nusu vya mpira. Sasa mwambie mtoto wa miaka saba aangalie gari lililoko viwanja viwili na nusu kutoka alipo akadirie linakuja kwa spidi gani, na hapo hapo ageuke aangalie upande wa pili afanye hesabu hiyohiyo, na asubuhi ya mvua ukungu umeshuka mpaka chini. Hawezi, na hata mimi mwenyewe siwezi. Kwa hiyo tukimwambia "kuwa makini unapovuka" tunakuwa tumemtwisha mzigo ambao ungebebwa na barabara.

Dawa yake ni kisiwa cha katikati. Siyo ule ukuta wa zege wa kutenganisha njia, hapana, ule mtoto anauruka au anazunguka mbali. Nasema sehemu iliyokatwa pale kwenye zebra, imeinuliwa na kingo pande zote mbili, pana kiasi cha mtu kusimama na baiskeli au na kiti cha magurudumu bila kuchomoza upande wowote, angalau mita mbili. Mtoto anavuka njia mbili tu, sekunde sita, anaangalia upande mmoja tu, anasimama anapumua, halafu anavuka mbili nyingine. Hesabu yake imeshuka kutoka mita 160 mpaka karibu 80. Kikijengwa wakati barabara bado inajengwa hakiongezi gharama ya kutisha, ila mkisubiri mpaka barabara ifunguliwe ndio muombe, mtaambiwa mradi umefungwa bajeti hakuna. Kwa hiyo hili ni la sasa.

La pili ni spidi, na hili nalisema kwa uchungu kabisa. Gari likiwa 50 kwa saa dereva akamuona mtoto, ile sekunde moja ya kushtuka tu limeshakwenda mita 14, na kwenye lami kavu linahitaji mita 14 nyingine kusimama, jumla 28. Likiwa 30, vyote kwa pamoja ni kama mita 13. Maana yake mtoto aliyetokea ghafla mita 15 mbele, dereva wa 30 anasimama na moyo unamdunda, dereva wa 50 ndiyo kwanza anaanza kukanyaga breki. Hapo nazungumzia gari dogo, lori lililopakia na limetoka kwenye mteremko ni hesabu nyingine kabisa, na watu wa Mbeya mteremko wa Iwambi wanaufahamu na wa Mlima Nyoka wanaufahamu. Ndio maana wataalamu duniani kote wameng'ang'ania 30 kwenye maeneo ya shule na masoko, na mwaka 2020 mawaziri waliokutana Stockholm wakaiweka kwenye tamko lao kwamba watu na magari vinapochanganyika isizidi 30.

Ila kibao cha 30 peke yake hakipunguzi mwendo. Dereva anaendesha kwa jinsi barabara inavyomwambia, barabara ikiwa pana na imenyooka mguu unakanyaga wenyewe. Zebra ya rangi tu nayo hivyohivyo, sheria inampa mtu wa miguu haki pale lakini rangi ikishafutika na matairi ya malori baada ya msimu mmoja inabaki haki ya kwenye karatasi. Kwenye barabara za mitaa muombe zebra iliyoinuliwa, yaani tuta bapa, juu yake ndiyo zebra, kama sentimita 10 hivi, gari linapanda taratibu na mtu anavuka bila kushuka. Kwenye barabara kuu yenyewe wahandisi watasita kuweka tuta kubwa kwa sababu ya malori, na wana hoja, kwa hiyo hapo muombe rasta, yaani vituta vidogo vidogo vya kumwamsha dereva kabla ya zebra, kisiwa, taa za kuvukia za kubonyeza na taa za usiku zinazomulika zebra yenyewe. Mkipewa tuta bila taa, usiku pikipiki zitaruka hapo, kwa hiyo ombeni vyote pamoja.

Na kuna kitu kimoja cha bei ndogo sana ambacho shule nyingi hazikifikirii, geti. Angalieni geti lenu linatokea wapi. Kama linatokea moja kwa moja barabara kuu na nyuma kuna mtaa mdogo, hamisheni geti liende nyuma, au muweke uzio mfupi mbele ya geti ili watoto kengele ikilia wasimwagike moja kwa moja kwenye lami. Shirika la Amend limefanya kazi hii kwenye shule za Dar es Salaam na miji mingine ya Afrika, zebra, matuta, njia za miguu, kuhamisha geti, vitu vya kawaida kabisa, na mwaka 2019 wakapata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross kwa kazi hiyo.

Sasa mitaro. Mwalimu, mimi nikiulizwa ni nini kinamtoa mtu wa Mbeya kwenye kutembea kila siku nitasema mtaro ulio wazi kabla ya kusema gari. Mji wetu uko kwenye miteremko, mvua inaanza mwezi wa 11 mpaka wa nne au wa tano huko, maji yanashuka kwa nguvu, kwa hiyo mitaro lazima iwe mikubwa, hilo halina ubishi. Kuna mtaa mmoja, siutaji, nilisimama pale mwezi wa tatu mvua ndiyo imekatika. Lami nzuri, mtaro wa zege pembeni, wazi, kina chake kinamfika mtoto wa darasa la tatu kifuani. Upande wa lami daladala zimepaki, upande wa nyumba meza za nyanya na maparachichi, na kila mwenye duka amejiwekea daraja lake la kuingilia, huyu ubao, yule kipande cha pipa, mwingine kamwaga zege. Akaja bibi na fimbo, ana mjukuu, mjukuu kashika mfuko wa unga. Mjukuu akapita juu ya ubao haraka haraka. Bibi akaukanyaga ubao, ukabonyea, akarudisha mguu. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, meza zimeziba. Akashuka kwenye lami akaanza kuzunguka mbele ya daladala, na daladala hiyo ndiyo inaondoka. Honi. Mjukuu kaacha mfuko chini analia. Bibi hakuguswa, alipita, ila nilimuona anavyotetemeka alipofika upande wa pili, na mpaka leo nikipitisha mchoro wowote wa barabara namuangalia yule bibi kwenye mchoro, apite wapi.

Ule mtaro ukifunikwa kwa slabu za zege zenye matundu ya maji, zimekatwa vipande ambavyo watu wanne wanaweza kuvinyanyua kusafisha, tayari una njia ya miguu bila kumvunjia mtu nyumba wala kununua ardhi. Ardhi ni ileile, mfuniko tu. Upana wa kupita usipungue mita 1.8, ikiwezekana 2, ili mama mwenye beseni kichwani apishane na mwingine bila mmoja kushuka barabarani. Muombe na ramp kwenye kila kona, ile kingo ya sentimita 15 wewe unairuka bila kuiona ila mwenye kiti cha magurudumu safari yake inaishia hapo. Kwenye mitaa ya mlimani, inayopanda sana, ngazi zenye chuma cha kushikia zinasaidia kuliko lami inayoteleza.

Wengine watakwambia ondoeni machinga na mama lishe njia itafunguka. Mimi sikubaliani nalo likisemwa hivyo tu. Meza ya mama anayeuza ndizi saa mbili usiku na taa yake ndiyo inafanya binti apite pale bila woga, mtaa usio na mtu anayeuza chochote ndio watu wanaogopa kuupita. Tatizo ni meza kukaa palepale pa kupita. Mwaka 2021 nchi nzima machinga walipangwa upya, tukaona kwamba anayepelekwa mahali wasikopita watu anarudi, na atarudi tu kwa sababu mteja wake ni huyohuyo anayetembea. Chora mstari. Upande wa ukuta au upande wa mtaro mpe mfanyabiashara mita moja na nusu yake inayojulikana, katikati acha mita mbili za watu, kaeni nao wenyewe wachague mtu wa kusimamia huo mstari, na utashangaa wanavyoulinda, kwa sababu mtu akipita kwa raha ndipo anaangalia bidhaa. Bodaboda ni ngumu zaidi. Nguzo fupi zikiwekwa mita 1.2 kwa 1.2 zinazuia gari na bajaji, kiti cha magurudumu kinapita, lakini pikipiki nayo inapita. Hapo hakuna ujanja wa zege, mnawatafutia kijiwe chenye nafasi kabisa karibu na kituo na mnakaa chini na viongozi wao.

Mnaweza pia kufikiria siku bila magari, Kigali wanafunga barabara tangu 2016 watu wanatembea na kukimbia, Addis Ababa nao wakaanza 2018, na hapa kwetu Mbeya Tulia Marathon ikija barabara zinafungwa na jiji halifi. Mtaa mmoja Uhindini ya hapa kwetu Jumapili asubuhi inawezekana. Ni kitu kizuri na afya inahusika kweli, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea dakika 15 kwenda na 15 kurudi siku tano zimeshatimia, kwa presha na sukari ni dawa isiyo na foleni. Ila kwa shule yenu ni baadaye.

Mumfuate nani. Barabara kuu ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, nendeni ofisi ya meneja wa mkoa. Mitaa ya ndani ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017. Meza na masoko ni halmashauri ya jiji. Mwendo wa magari na askari wa kuvusha watoto ni kikosi cha usalama barabarani, daladala na vituo vyake LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wanahusika. Watu wengi wanapeleka barua sehemu moja inakaa, kwa sababu aliyepokea siyo mwenye barabara. Ninyi andikeni barua moja kupitia mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, ipite kwenye kamati ya maendeleo ya kata iwe na muhtasari, halafu nakala ziende kote huko. Na msichelewe, mwaka wa fedha unaanza Julai lakini bajeti zinaanza kuandaliwa huku nyuma kabisa, mkipeleka mwezi wa tano mmeshachelewa mwaka mzima. Mwezi wa 10 iwe mezani.

Kwenye hiyo barua msiandike tu "barabara ni hatari". Sisi wahandisi, na hili linaniuma kulisema, tumezoea kuhesabu magari. Tunakaa barabarani tunahesabu lori, basi, pikipiki, na huyu anayepita kwa miguu mara nyingi hana hata safu kwenye fomu, sasa kama hakuhesabiwa atachorewa njia na nani? Mhesabuni ninyi. Wazazi wawili na walimu wawili, siku tatu za shule, saa 12 na nusu mpaka saa 1 na nusu asubuhi na muda wa watoto kutoka, wakae sehemu salama nje ya barabara, karatasi ina safu nne, watoto wa shule, watu wazima, wenye mzigo, na wazee au wenye ulemavu, na kila robo saa wanapiga mstari. Pembeni waandike wapi hasa watu wanavukia, maana zebra ikichorwa mita 100 kutoka wanapovukia watu, watu wataendelea kuvukia kwao. Pigeni na picha mbili za tope na mtaro. Nimekaa upande wa kupokea barua, nakwambia barua yenye namba inasomwa mpaka mwisho na inapata mtu wa kuja kuangalia.

Wakati mnasubiri, wazazi wa mtaa mmoja wapangiane zamu, wawili kila asubuhi, mmoja mbele mmoja nyuma, watoto kati, wote wanatoka kona moja saa ileile na kuvuka mara moja kwa pamoja wakiwa na fulana za kung'aa. Dereva anaweza asimuone mtoto mmoja, kundi la watoto 20 lazima alione. Hiyo haihitaji kibali cha mtu wala bajeti, Jumatatu mnaweza kuanza. Mkishahesabu, nitumie hizo karatasi, nitakusaidia kuandika barua.